Maji ya Mrututu

Novemba 17
Mvua: hakuna. Mawingu yalifika juu ya mtaa wetu wa Isevya, yakatuangalia, yakaenda zao Kitete.

Katarina amenipa daftari hili na kuniamuru niandike hali ya hewa ya kila siku, basi. Mvua ipo, mvua haipo, hewa nzito, hewa nyepesi. Anasema inaingia kwenye hesabu zake. Mimi niliishia darasa la nne, nikawapikia mapadri mpaka mgongo ukakataa, na sijawahi kupewa karatasi nikaandika kitu kimoja tu. Atavumilia.

Novemba 18
Hakuna. Joto la kukaanga karanga bila moto.

Novemba 21
Mvua ya kwanza, kubwa, imekuja na upepo na bati la jirani. Kuku wangu mmoja amelowa mpaka akawa nusu yake. Minza, mke wangu, anasema mvua inayoanza kwa fujo inaisha kwa heshima. Yeye na mimi tulianza kwa fujo pia, heshima bado naisubiri.

Niandike sasa kisa cha haya yote, maana Katarina akisoma atanigombeza kwa kuandika mambo ya kuku.

Katarina ni mjukuu wetu, binti wa mwanangu Valentino wa Lusu. Alimaliza kidato cha sita, Kemia ikamwangusha, na chuo cha ufamasia hakimtaki mtu aliyeangushwa na Kemia. Mwezi wa tano anarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Maabara anayoitegemea ni ya shule moja hapa mjini, na mwenye funguo ni Mwalimu Ezekia, Mmoraviani mkavu kama ubao wa chaki. Huyo amesema hamwingizi kwenye mtihani wa vitendo mtu asiyejua kupima. Amempa kazi moja: atafute mrututu una maji kiasi gani. Alete majaribio matatu yanayokubaliana, kisha arudie mbele ya macho yake, kabla ya Pasaka. Akishindwa asihangaike kurudi. Na Valentino amesema akikataliwa huko, anakwenda Lusu kukaa kwenye kibanda cha Wilbroad, mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji wadogo, kupima vumbi la watu mpaka azeeke.

Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Mrututu naujua, ule unga wa bluu wa kutia kwenye kidonda kikaidi. Mkavu kama mawe. Nikamuuliza maji yanakaa wapi humo.

"Yamejificha ndani, babu. Ukiukaanga yanatoka, unabaki mweupe. Napima kabla, napima baada. Uzito uliopungua ndio maji."

Wali mkavu umepikwa kwa maji, hilo nalielewa. Nikauliza jibu ni ngapi. Akasema kitabu kinasema tano: kila sehemu moja ya chumvi, ndivyo wanavyouita mrututu uliokauka, sehemu tano za maji. Nikamwambia basi aandike tano, tukalale. Akacheka bila furaha. Mwalimu Ezekia amemwambia hivi: "Tano ya kitabuni ninayo. Niletee ya kwako."

Novemba 25
Mvua ndogo asubuhi. Vifaa vimekamilika. Mrututu kutoka duka la dawa za asili la Adinani sokoni. Mizani ndogo ya betri ametuazima Wilbroad mwenyewe, kaileta kwa pikipiki kutoka Lusu, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Kikombe cha kauri cha kahawa kutoka kwa Waarabu wa jirani, na kisahani chake kiwe kifuniko. Moto ni wangu. Mkaa, kikaango, mchanga kwenye kikaango, kikombe juu ya mchanga. Mapadri waliwahi kuungua midomo kwa mchuzi wangu, lakini hakuna aliyelala njaa.

Novemba 27
Mvua mchana kutwa. Jaribio la kwanza. Katarina alipima mrututu gramu 2.50. Nikachochea taratibu kama alivyoagiza, kwa sababu moto mkali unaunguza na chumvi yenyewe. Bluu ikafifia, ikawa kama jivu, kisha nyeupe. Nimeona mengi jikoni ila hilo sijawahi kuliona. Kikombe kikafunikwa kwa kisahani, kikaingizwa chumba cha uani, kikafunikwa tena kwa beseni ili kipoe bila kunywa unyevu wa hewa. Katarina akaenda bombani. Aliporudi akapima.

Imebaki 1.81. Maji 0.69. Kisha akafanya ile hesabu yao ya moli. Moli, kwa ninavyoielewa, ni debe: debe la chumvi hii lina uzito wa 160, debe la maji lina 18. Unatafuta una madebe mangapi ya kila kimoja, halafu unauliza moja kwa mangapi. Ikatoka moja kwa tatu nukta nne.

Nikamuuliza hiyo moja nukta sita iliyopungua ni nani kainywa. Hakucheka.

Novemba 28
Hewa nzito.

Desemba 4
Mvua. Jaribio la pili: tatu nukta tisa. Katarina amefurahi kwamba inapanda.

Desemba 11
Mvua. Jaribio la tatu: mbili nukta nane. Hakula.

Desemba 25
Mvua wakati wa misa. Padri alihubiri juu ya uvumilivu, nikamtazama Katarina, naye akanitazama vibaya.

Januari 6
Jua kali, mahindi yamejikunja kama masikio ya mbuzi. Nimeanza kumfikiria Wilbroad. Mtu anamtaka binti kwenye kibanda chake, halafu yeye huyohuyo ndiye anayemwazima mizani ya kumwepusha na kibanda hicho. Mimi si msomi, ila fisi akikuazima zizi unahesabu mbuzi.

Januari 9
Mvua kidogo. Nimelala vibaya kwa ajili ya fisi.

Januari 14
Mvua imeshika. Wilbroad alikuja mjini, nikamwita uani nikamwambia mbele ya Katarina kwamba mizani yake ni mwongo na yeye ndiye baba wa huo uongo. Nilitegemea akasirike. Akaangalia mlangoni, akavuta kigoda, akasema kwa sauti ya maungamo:

"Mzee, mizani ina ugonjwa mdogo. Kumi inasoma tisa na nusu. Ishirini inasoma kumi na tisa. Kila kitu kinapungua hivyohivyo. Biashara ya dhahabu, unaelewa."

Nikaelewa sana. Nikatafuta fimbo yangu. Lakini Katarina akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu mvua ianze. Akamwambia Wilbroad kwamba wachimbaji wa Lusu wana kesi naye, ila yeye hana.

Alinieleza mara mbili. Mpishi mwenye upawa mdogo atakupa wali kidogo na mchuzi kidogo. Utalala njaa, lakini ukiuliza mchuzi ni mara ngapi ya wali, jibu ni lilelile la upawa mkubwa. Fomula haiulizi gramu ngapi. Inauliza moja kwa ngapi.

"Kwa hiyo mimi ni mwizi wa haki," alisema Wilbroad.

"Wewe ni mwizi," alisema Katarina. "Haki ni ya hesabu."

Wilbroad aliondoka ameinamisha kichwa. Na kusema kweli nimempenda kidogo, kwa sababu angeweza kukana na hakukana. Kumtaka binti kibandani nako kumbe ni wazo la Valentino, yeye aliombwa tu. Nimepoteza adui mzuri.

Januari 15
Mvua. Sasa namfikiria Adinani.

Januari 17
Mvua. Nimekwenda kwa Adinani nikamuuliza kwa upole mrututu wake anauchanganya na nini. Kwa upole huohuo akaniuliza mimi nimechanganywa na nini. Mwishoni akanipa jiwe zima la mrututu, la bluu kama koo la tausi, linalong'aa pande zote, akasema nimpelekee huyo msomi alivunje mwenyewe aone kama jiwe linachanganyika.

Januari 20
Mvua. Jiwe la Adinani: tatu nukta moja. Nimemtumia salamu za kuomba radhi kupitia kwa mtu mwingine.

Februari 3
Mvua, mvua. Leo limetokea jambo la kutisha. Katarina alikaanga, akapoza, akapima: 1.72. Akasema huenda maji hayajaisha kutoka, turudishe motoni, kanuni ni kurudia mpaka uzito usibadilike. Tukarudisha, tukakaanga tena, tukapoza tena. Ikasoma 1.79.

Kitu kimekaangwa mara mbili kimeongezeka uzito. Niliwapikia mapadri maharage miaka mingi na hakuna siku sufuria ilirudi jikoni imejaa kuliko ilivyotoka.

Katarina alikaa sakafuni akiitazama mizani. Minza akamletea uji, akamshika kichwa, akamwambia Mungu hamtupi mja wake. Mimi nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nikazunguka tena. Kuku wakaanza kunifuata wakidhani nina mtama.

Februari 5
Mvua. Nimemshauri aandike 1.60, ambayo ndiyo inaleta tano, na siku ya kwa Ezekia tumwachie Mungu. Alinijibu kwamba siku moja ataweka dawa kwenye mkono wa mgonjwa, na huyo mgonjwa hatakuwa na babu wa kumwandikia 1.60.

Nilistahili.

Februari 18
Jumatano ya Majivu. Mvua ilifuta majivu kwenye paji la uso kabla sijafika nyumbani, kwa hiyo kwaresima yangu sijui kama inahesabika.

Februari 21
Hewa nzito. Valentino amepiga simu. Anakuja baada ya Pasaka kumchukua, au kabla.

Februari 24
Mvua. Katarina ameona kitu. Alifunua kikombe kabla ya kupima, akakipeleka dirishani, akaniita. Ule unga mweupe una madoa ya bluu, madogo madogo, kama manyoya ya kanga. Anasema mrututu uliokaangwa ukipata maji unarudi bluu. Kwanza tukaulaumu unyevu. Basi akachukua unga mwingine mweupe akauacha wazi mchana kutwa kwenye mvua hii. Ukafifia kidogo kidogo, wote kwa pamoja, bila doa hata moja.

"Hewa inalowesha kote, babu. Madoa ni matone. Kuna kitu kinadondoka."

Beseni lina kutu pembeni, na kisahani hakizibi vizuri. Na juu ya beseni kuna bati. Na juu ya bati, kwa umri wangu, kesho kutakuwa na mimi.

Februari 25
Niandike yote.

Mvua ilikatika mchana, nikaegesha ngazi kabla Minza hajanizuia. Katarina alikuwa amekaanga, kikombe kimeingia chini ya beseni, yeye kaenda bombani. Nikapanda. Bati za chumba cha uani ni za zamani, misumari imechezacheza kama meno yangu, nikainua kona ya moja nitafute tundu juu ya meza. Tundu halikuwepo. Mbao za juu kavu. Lakini kwa ile kona iliyoinuka nilikuwa naona chumba chote, meza na beseni.

Mlango ukafunguka taratibu. Akaingia Minza, kikombe cha bati mkononi. Akaweka kanga vizuri begani. Akanywa funda moja la maji, hakulimeza. Akainua beseni, akainua kisahani, akafumba macho, akapuliza. Fuu. Ukungu mdogo tu, kama wa kunyunyizia shati kabla ya pasi. Akafunika upesi na kugeuza uso, kwa sababu kwetu kitu kikishatemewa baraka hakichunguliwi. Akafanya ishara ya msalaba, ili na upande wa kanisa usinune. Akatoka.

Mimi nikabaki juu ya bati kama jogoo aliyesahau kuwika.

Nilitamani kucheka, na kweli nilianza, kisha kicheko kikakwama. Majaribio yote yale. Mizani ya Wilbroad, jiwe la Adinani, sakafu aliyokalia Katarina. Kila tulipotoa maji motoni kwa jasho, Minza aliyarudisha kwa mapenzi.

Nilishuka nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Mama Valentino, nimekuona."

Hakushtuka. Akaendelea kuchambua mchicha. "Umeniona kutokea wapi, baba Valentino?"

"Juu."

"Hapo hujawahi kukaa." Akaweka mchicha chini. Akaniambia babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu toka hapa Unyanyembe mpaka pwani na kurudi na nguo. Asubuhi ya kuondoka, wazee hawakumtemea mate ya baraka mtu peke yake. Waliutemea na mzigo. Mtu anaweza kufika na mzigo ukabaki njiani. "Yule mtoto anabeba kikombe kile kwenda kwenye mizani kila juma. Nikasema hakuna aliyekibariki. Nikakibariki tangu siku ya kwanza. Akalia. Nikasema nilitia kidogo, nikaongeza."

Nikamweleza. Sikujua namna ya kueleza kwa upole, sina hiyo zana. Nikamwambia kazi yote ya Katarina ni kujua maji yaliyotoka, na yeye anayarudisha.

Aliiacha sufuria ichemke mpaka ikazima moto.

"Kwa hiyo," alisema, "mate yangu ndiyo yanamtuma mtoto Lusu."

Februari 26
Mvua. Nimemwambia Katarina. Nilidhani atapiga kelele. Alikwenda akakaa karibu na bibi yake kwenye mkeka, wakaangalia mvua. Baadaye nikamsikia akimwomba ambariki yeye mwenyewe, kichwani, mgongoni, popote, ila kikombe akiache. Minza akajibu kwamba mtu asiyekuwa na mzigo hahitaji kubarikiwa, anahitaji kupumzika.

Machi 2
Mvua. Jaribio jipya: imebaki 1.61. Moja kwa nne nukta tisa. Katarina alinishika mikono tukacheza uani kama wehu. Minza alikuwa mlangoni. Akarudi ndani.

Machi 3
Mvua. Minza hasemi na mtu.

Machi 6
Mvua kidogo. Imebaki 1.60. Tano kamili. Safari hii sikucheza. Nimeoa muda mrefu na sijawahi kuona mtu akisononeshwa na namba. Kila jibu likiwa zuri, yeye anasikia kwamba kwa kukaa mbali ndiyo anasaidia.

Machi 10
Mvua. Nne nukta nane. Matatu yanakubaliana. Simu imepigwa kwa Mwalimu Ezekia.

Machi 15
Hewa nyepesi. Nimemtania Minza kwamba awe ananitemea mimi, labda nitaongezeka uzito. Akachukua ndoo akaenda bombani. Nyumba yetu haijawahi kuwa na ukimya wa namna hii na sijui niweke wapi miguu.

Machi 26
Mvua ya mwisho mwisho, ya kizee. Kesho ndiyo siku. Minza amefua kanga yake nzuri. Hakuna aliyemwambia aje, hakuna aliyethubutu kumwambia asije.

Machi 27
Mvua: hakuna. Mbingu tupu.

Maabara ile inanuka yai viza na dawa ya viatu. Mwalimu Ezekia alitukaribisha kwa adabu kavu, tukaamkiana, akatukalisha kwenye viti vya juu miguu ikining'inia. Akasoma karatasi za Katarina zote, mbaya na nzuri, maana binti hakuficha hata moja. Akafika mahali ambapo mtu anaandika kosa lilitoka wapi. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Umeandika hapa maji yaliongezwa na bibi, kwa baraka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Hili kitabuni halimo." Akamwonyesha jiko la gesi. "Anza."

Katarina alipima, akakaanga, moto wa gesi wa bluu usio na moshi, moto usio na heshima kabisa. Nyeupe ikaja. Akaweka kikombe kwenye chombo cha kioo kipoe. Wakati huo nikagundua Minza hayupo kwenye kiti chake. Alikuwa mlangoni, penye bomba, amegeuka kutuangalia. Mashavu yake yalikuwa yamejaa.

Katarina alimwona. Mimi nilimwona. Mwalimu alikuwa akiangalia saa yake. Katarina alitoa kikombe, akasimama nacho kati ya chombo na mizani, na hakusogea, akimtazama bibi yake. Pale ndipo palipokuwa chuo chake, na Lusu, na vyote. Minza alikuja hatua kwa hatua mpaka akafika mezani. Akakitazama kikombe. Koo lake likapanda, likashuka.

Alimeza.

Katarina akapima. 1.61. Akarudisha motoni, akapoza, akapima tena. 1.61. Haikusogea. Mwalimu Ezekia akafanya hesabu mwenyewe kwa kalamu, akauliza kwa nini nne nukta tisa na si tano. Katarina akasema hata siku ya jua hewa ina kiu kidogo na unga nao una kiu. Mwalimu akafungua orodha ya watahiniwa, akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake na la kwangu, akapiga mstari chini.

Niliteremka kwenye kile kiti, nikalisoma jina langu mara mbili.

Kisha mwalimu akamgeukia Minza. "Mama, pale mlangoni ulimeza nini?"

"Nilichokuja nacho."

Mwalimu akachukua glasi, akaijaza maji, akampa kwa mikono miwili. "Kikombe kimeshapimwa. Sasa hakina kazi na sisi. Ila simama mbali kidogo, usikiguse kwa mdomo, ni sumu."

Minza akanywa funda, akafumba macho, akapuliza, akaanza kugeuza uso. Katarina akamshika kidevu, taratibu, kama anavyoshikwa mtoto. "Leo chungulia, bibi."

Akachungulia. Mtoto wa jicho amemchukulia mengi, lakini hili lilikuwa karibu. Bluu ilitokea kwenye matone, ikatambaa, ikaungana, unga ukatoa sauti ndogo kama mafuta yanayoanza kupata moto, na kikombe chote kikawa bluu. Akaweka kiganja pembeni yake. Kikombe kilikuwa kimepata joto.

Neno lake alilisema nje, njiani, akiwa ameshika mkono wangu, jambo ambalo halifanyi mbele za watu.

"Baba Valentino, nimebariki watoto, mbegu, ng'ombe, hata wewe. Hakuna hata kimoja kilichowahi kunijibu."